Nyuzi Nyuma ya Bikira Mtoto

Hotuba ya Mama Eufemia Ccahuana, mwakilishi wa jumuiya ya Chilkapata, siku ya ufunguzi wa Ukumbi wa Watoto Watakatifu katika Jumba la Belmonte, mjini Cusco

Mheshimiwa Meya, mgeni wetu rasmi, Baba Askofu Msaidizi, Daktari Gonzalo Belmonte, mkurugenzi na mwenye jumba hili, Padre Anselmo, uliyekuwa paroko wetu, ndugu wafadhili, ndugu wageni waalikwa mlioshika bilauri zenu za divai, nanyi akina mama wa Chilkapata mliosimama kule nyuma karibu na mlango kwa sababu viti vimekwishia kwa wenye vyeo: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake, na asiye na cheo nampa salamu yangu mwenyewe, tena ya moto.

Nimepewa dakika chache na karatasi moja. Karatasi imeandikwa ofisini kwa Daktari, na imeandikwa vizuri, sina ugomvi nayo. Inasema jumuiya ya Chilkapata inaona fahari na furaha isiyo na kifani kulikabidhi jumba hili, daima na milele, picha yake ya Bikira Mtoto Anayesokota. Asubuhi tukiwa ndani ya lori niliwasomea wenzangu. Bibi Asunta, yule pale mwenye kofia nyeupe, akaniuliza, "Furaha ya nani hiyo, Eufemia?" Nikamjibu, "Yetu, bibi." Akasema, "Basi fungu langu limeliwa njiani." Kwa hiyo mtanisamehe, karatasi naikunja, nitasema kwa mdomo wangu. Kaa tu, Daktari, usisimame. Sahihi nitaweka kama tulivyokubaliana, na picha itakuwa yenu. Lakini kabla ya makofi nataka kila aliyemo humu ajue tunaitoa kwa moyo gani, maana kitu kilichotolewa na kitu kilichoachwa, vikishatundikwa ukutani, vinafanana.

Kwanza niwapongeze, nisije nikaambiwa sikufunzwa adabu. Ukumbi ni mzuri, taa ni nzuri, sakafu inateleza kwa usafi. Nani mwingine angeweza kukusanya watoto wengi namna hii chini ya paa moja bila hata mmoja wao kulia? Tumetembezwa asubuhi, tumewaona wote. Yupo Yesu Mtoto aliyelala juu ya msalaba wake, shavu kwenye mbao, usingizi umemchukua kabisa. Yupo Yesu Mtoto mwingine aliyekuwa akisuka taji la miiba, mwiba ukamchoma, naye anatazama tone la damu kidoleni kama anayesoma. Yupo Yohana mdogo na mwanakondoo wake, na mwanakondoo amenona kuliko mchungaji. Mwenzangu Hermelinda alisimama mbele ya yule wa miiba akamuuliza dada aliyekuwa akituongoza, "Mama yake huyu yuko wapi, mpaka mtoto anachezea miiba?" Dada akaeleza kwa upole kwamba ile ni ishara ya mateso yatakayokuja. Hermelinda akasema, "Ndiyo maana nauliza, mama yake yuko wapi?"

Kijitabu mlichotupa mlangoni kinasema picha hizi zilichorwa hapa Cusco katika karne ya kumi na nane, na kwamba wachoraji wengi hawajulikani majina. Sisi tunajua walikuwa watu wa rangi yetu na lugha yetu, kwa hiyo kutojulikana kwao hakutushangazi. Kijitabu kinauliza kwa nini watu wa wakati ule walipenda sana kuwachora watakatifu wakiwa wadogo, kisha kinajibu kwa kurasa nyingi ambazo mimi sikuzielewa na sikujilazimisha. Jibu langu ni la mtu aliyezaa. Wale wachoraji walikuwa wakizika watoto mwaka baada ya mwaka, kwa ndui, kwa baridi, kwa njaa. Wangemchora nani mwingine?

Na sasa nije kwa wa kwetu, huyu aliyefunikwa pazia jekundu hapa nyuma yangu, ambaye mtamwona nikishanyamaza. Ni Maria akiwa na umri wa miaka sita, saba hivi. Ana joho jekundu lililofungwa kifuani kwa pini ya fedha, utepe kichwani, maua pembeni mwa picha. Mkono wa kushoto ameinua sufu, wa kulia unaning'iniza kijiti cha kusokotea, na katikati uko uzi. Haangalii uzi. Anakuangalia wewe, maana mtoto aliyezoea kazi hahitaji kuitazama. Kijitabu chenu kinasema hiyo ni picha ya "utoto wa amani, usio na kazi wala shaka." Usio na kazi! Ameshika nini basi, ua?

Kwetu, ndugu wageni, msichana hupewa kijiti chake mapema, na uzi wake wa kwanza huwa mbaya. Lazima uwe mbaya. Mahali unene kama kidole, mahali umekonda hadi kukatika, mahali mafundo. Siku ya Kutolewa Bikira Maria Hekaluni, mwezi Novemba, wasichana wote waliosokota uzi wa kwanza mwaka huo huenda kanisani, kila mmoja anagusisha uzi wake kwenye mkono wa Bikira Mtoto, watu wanacheka, wanapewa mahindi ya kukaanga, jioni mama anauweka ule uzi ndani. Msichana akikua, akiolewa, anapewa uzi wake aone alikotoka. Akifa kabla hajakua, mama yake anaupeleka kanisani peke yake, anauviringa kuwa kidonge kidogo, anausukuma nyuma ya picha, kati ya kitambaa na mbao za fremu. Kwa nini pale? Kwa sababu Bikira Mtoto hajaacha kusokota tangu alipochorwa, na kijiti chake hakijajaa. Yeye ndiye anayeuendeleza uzi ambao mtoto wako ameuacha. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na mama zetu, na wao na mama zao, kurudi nyuma hadi kwa huyo mchoraji asiyejulikana jina.

Nilikuwa na binti. Alikuwa na umri wa huyu aliye nyuma ya pazia. Ule mwaka wa jalidi kubwa, alpaka wetu, wanyama wa sufu, walipokuwa wakikutwa asubuhi wamesimama wamekufa, kifua kilimbana, na barabara ilikuwa imezibwa na theluji. Sina la kuongeza hapo. Picha yake sina. Kwetu kamera huja na harusi, na hapakuwa na harusi miaka ile. Nguo zake alizikwa nazo. Nilichokuwa nacho ni uzi wake wa kwanza, uzi mbaya kweli, wenye uchafu wa majani ndani yake kwa sababu hakuwa na subira ya kuisafisha sufu. Niliupeleka mahali pake. Kila nilipofagia kanisa nilipitisha kidole nyuma ya fremu nikaugusa, nikaendelea kufagia.

Kisha paa la kanisa likaanza kuvuja. Padre Anselmo, unakumbuka, wewe ndiye uliyetuambia kwamba picha itaoza, kwamba wako watu wema mjini wenye dawa na wataalamu, kwamba itakaa miezi michache irudi imepona. Ulisema kwa nia njema, na nia njema yako naishukuru mbele ya Baba Askofu, kwa sababu imetugharimu sana. Gari likaja. Watu wa jumba walikuwa na glovu nyeupe, walimbeba Mtoto wetu kwa uangalifu ambao sisi hatujawahi kubebwa nao hospitalini. Wanawake wote tulisimama pale uani. Kila mmoja alijua kilichoko nyuma ya fremu. Hakuna aliyefungua mdomo.

Mtauliza, kwa nini? Daktari ameniuliza mara nyingi. Niwajibu wote kwa pamoja. Kwetu mtoto aliyekufa hatajwi mbele ya mgeni. Mtu mzima akifa anajua njia; mtoto hajui. Akisikia jina lake likitajwa mbele ya mtu wa mbali, hudhani ameitwa, hugeuka na kumfuata yule mgeni hadi kwake, na harudi tena. Sasa simama wewe uani, mbele ya wageni watano wenye glovu, useme, "Angalieni huko nyuma kuna mwanangu." Utasema? Na kuzitoa zile nyuzi mapema hatukuweza pia, maana kuutoa uzi ni kumpokonya Bikira kazi yake, ni kumfisha mtoto mara ya pili. Tukanyamaza, tukamwachia mwenyewe Bikira, tukijua kwamba mgongo wa picha hakuna anayeutazama.

Miezi michache ikawa miaka. Novemba zikapita, wasichana wakaja kanisani na nyuzi zao wakagusisha kwenye ukuta, pale palipobaki alama ya mraba. Mwishowe jumuiya ikanituma mjini. Nikafika hapa, nikapelekwa kwenye karakana, nikamkuta señorita Fiorella, fundi wa picha, binti mwenye mikono myepesi na moyo mzuri, na hili nalisema bila kejeli.

Akaniambia, "Karibu, mama! Umekuja kumwona Mtoto wenu? Tazama alivyopendeza. Joho lilikuwa jeusi kwa moshi wa mishumaa, ona sasa jekundu hilo!"

Nikasema, "Amependeza, mwanangu. Naomba nimwone mgongoni."

"Mgongoni? Mgongoni hakuna kitu, mama."

"Nigeuzie hivyo hivyo."

Akacheka, akamgeuza. Mbao mpya. Kitambaa kipya, cheupe, kimenyooshwa vizuri kama shuka ya hoteli. Nikamuuliza, "Vilivyokuwa huku viko wapi?"

"Aa, zile takataka! Mama, usingeamini. Palikuwa na kitu kama kiota cha panya, vidonge vya sufu, vumbi, mayai ya nondo. Tulijaza mfuko mzima."

"Mfuko uko wapi?"

"Tulichoma. Ndiyo utaratibu wetu. Nondo wakiingia humu watakula jumba zima." Kisha akaniangalia. "Mama? Mama, nimesema nini?"

Nilimwambia zilikuwa nini. Majina sikumtajia, nilimwambia tu kwamba walikuwa watoto. Fiorella alikaa chini sakafuni na koti lake jeupe, akawa anarudia, "Sikujua, mama, sikujua," hadi nikawa mimi ndiye ninayembembeleza. Hayupo humu leo. Naambiwa ameomba ruhusa. Kati ya watu wote wa jumba hili, yeye ndiye niliyetamani nimshike mkono.

Nikapandishwa ofisini. Daktari alinipokea kwa heshima, akaniagizia chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo. Alisema, "Señora, mngesema. Mngetuambia, tungeziweka kwenye kabati la kioo." Akaendelea, "Lakini uelewe, kwa kanuni za kazi yetu, kila kisichowekwa na mchoraji ni uchafu."

Daktari, wewe ni msomi na sitaki kushindana nawe. Ila nilitoka mle ofisini nikawa najiuliza barabarani, na leo nauliza mbele za watu: sisi tuliomwashia mishumaa hadi joho likawa jeusi, tuliomletea wasichana wetu vizazi na vizazi, tuliompa watoto wetu awasokotee, sisi nasi hatukuwekwa na mchoraji. Ndiyo kusema ulipoisafisha picha, ulitusafisha na sisi?

Naona bilauri zimeteremka. Msiogope, nakaribia kumaliza.

Ili kutupoza, jumba likatuletea nakala. Mashine imeichapa, rangi ni zile zile, ukubwa ni ule ule, inang'aa kama sahani ya plastiki. Tuliitundika. Bibi Asunta akaja, hakuitazama hata usoni, akaigeuza moja kwa moja. Akamwita mjukuu wake, "Hebu nisomee, huku wameandika nini?" Msichana akasoma: "Usiweke karibu na moto." Ndugu wageni, tulicheka. Tulicheka hadi tukashikana mabega, hadi Hermelinda akatoka nje kutapika. Siwezi kuwaeleza kicheko kile, na siombi mtu yeyote humu akipate.

Basi ndipo lilipokuja pendekezo: picha ibaki hapa daima, na jumba litutengenezee paa. Tukakaa mkutano. Wanaume walisimama mmoja mmoja wakasema habari za paa, na hawakusema uongo, mvua inatunyeshea kwelikweli. Wengine wakasema hapana, arudishwe, ni wetu, twende hata mahakamani. Wanawake tulikuwa tumekaa chini tunasokota. Mwishowe Hermelinda akauliza, bila kuinuka, "Akirudi, nyuma yake kuna nini?" Mtu akajibu, "Hakuna kitu." Akauliza tena, "Sasa arudi kufanya nini? Kututazama?"

Hapo ndipo shauri lilipokatwa. Mheshimiwa Meya, Baba Askofu, hiyo ndiyo furaha isiyo na kifani. Chilkapata haijawapa zawadi. Tumemwacha kwenu, kama mtu anavyoihama nyumba alimofiwa na kila mtu, na ufunguo anauacha mlangoni kwa yeyote. Joho lake ni jekundu sana sasa. Mtazameni mpaka mridhike.

Lakini Bikira ni jambo moja, na watoto ni jambo jingine. Tangu siku ile niliporudi kutoka karakana, akina mama hawajalala vizuri. Uzi umeungua, kijiti cha Bikira kinasokota hewa, na wale watoto hawana tena kinachowashika. Wako wapi? Padre anatuambia wako mbinguni, nasi hatubishani na Padre. Lakini Bibi Asunta anasema anawasikia njiani, wanazunguka kanisa, wanagonga pale penye alama ya mraba. Tukashauriana, sisi wanawake peke yetu, na shauri hilo lilituchukua muda mrefu kuliko lile la paa. Tukakubaliana kwamba mtoto asiye na mahali ni afadhali awe na mtu, hata kama mtu mwenyewe ni mgeni.

Kwa hiyo leo nitavunja mwiko. Nitawataja mbele yenu. Nawataja ili wageuke na kuwafuata ninyi, kwa kuwa mlichukua mahali pao, na nyumba mnazo, zenye joto na vyumba vya ziada. Sitaki kufanya hivi. Nalisema wazi ili mtu asije akadhani ni sehemu ya sherehe: sitaki. Mimi nikimtaja wangu hapa, nikirudi Chilkapata jioni hii sitakuwa naye tena. Wako akina mama waliokataa, na watoto wao sitawataja, watabaki nao kama watakavyojaliwa. Waliokubali ni hawa. Naomba ninyi mliokaa msimame.

Yeny, wa Hermelinda. Ana kigugumizi, msimkatishe akiongea.

Flor Nieves, wa marehemu Toribia. Mama yake hayupo wa kumtaja, namtaja mimi. Akipewa kitu huficha nusu.

Asteria, wa Bibi Asunta. Leo angekuwa na wajukuu, lakini yeye bado ni mdogo. Anaogopa mbwa. Mwenye mbwa nyumbani amfunge.

Pacha wa Primitiva, Rufina na Rosenda. Hawa msiwatenganishe. Daktari, wewe una jumba kubwa, wachukue wote wawili.

Na Melania, wa kwangu. Kispanyola hajui, alikuwa bado hajaanza shule. Mkishindwa kusema naye, mshikeni mkono tu, anaelewa. Supu ya viazi anakula, nyama hapendi. Hulala taa ikiwaka, na ukiizima akiwa hajashikwa na usingizi atakuita mama, yeyote uliye.

Mmenisikiliza hadi mwisho, na kwa hilo nawashukuru. Mkitoka hapa, tembeeni polepole. Wanawafuata, na miguu yao ni midogo.